Mvua Inyeshe, Lami Ilowe: Matairi Haya Yameniteka

Hukumu kwanza, maana siwezi kuizuia kooni: tairi la kuvukia majira ya baridi limepatikana! Linaitwa Continental Grand Prix 5000 AS TR. Nimelichukua la upana wa milimita 32, na tangu nilivalishe kwenye baiskeli yangu ya barabarani sitamani tena kukaa ndani mvua inapogonga dirisha. Lilizinduliwa mwaka 2023, kwa hiyo wapo walionitangulia kulisifia, lakini mimi ndiyo kwanza nalionja, na nalionja mahali panapolistahili: Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, chini ya milima ya Peak District, mwezi wa Desemba, nyuzijoto 5, mvua ya kutwa kucha.

Msomaji uliye Tanga au Mombasa, ukisikia baridi ya Uingereza huenda ukafikiria theluji. Theluji huku huja siku chache ikaondoka. Kinachomsumbua mwendesha baiskeli miezi mitano mfululizo ni maji. Maji yanayoporomoka mlimani na kukatiza barabara. Maji yaliyochanganyika na chumvi ambayo halmashauri humwaga usiku ili lami isigande. Majani yaliyooza kwenye kona zisizoona jua. Dizeli iliyodondoka kwenye kipilefti na kutandaza rangi za upinde wa mvua. Kisha kuna vifuniko vya chemba, mistari myeupe iliyopakwa rangi, nyavu za chuma zilizotandikwa barabarani huko milimani ili kondoo wasivuke, na yale macho ya paka katikati ya njia, vioo vidogo vya kuakisi taa alivyovibuni Percy Shaw wa Halifax, hukuhuku Yorkshire, na kuvipatia hataza mwaka 1934. Vimewaongoza madereva wengi gizani na kwenye ukungu, lakini vimekaa ndani ya chuma, na chuma kikilowa, gurudumu jembamba likapita juu yake huku umeilaza baiskeli kwenye kona, moyo hupiga kwa nguvu.

Na miiba! Wakulima wa huku hawaruhusiwi kupogoa nyua za miti kati ya tarehe 1 Machi na 31 Agosti, ili ndege walee makinda yao kwa amani. Basi mashine zote za kupogoa huingia kazini kuanzia Septemba, na kipindi chote cha baridi vijiti vyenye miiba hutapakaa barabarani, mvua ikavisomba pamoja na vigae na changarawe mpaka ukingoni, palepale tunapopita sisi. Ongeza hili ambalo kila aliyewahi kukata mpira analijua: kisu kikilowa hupita kwenye mpira kirahisi kuliko kikiwa kikavu. Kigae kidogo ambacho Julai kingegonga tairi na kuruka pembeni, Desemba huzama moja kwa moja. Ndiyo maana pancha za baridi ni nyingi, na ndiyo maana tairi la kiangazi, hata liwe zuri vipi, halitufai huku kuanzia Oktoba.

Sasa nikueleze nilichokitoa kwenye boksi.

Ni tairi la kukunja, jeusi tii, na ubavuni limeandikwa kuwa limetengenezwa kwa mkono Ujerumani. Kiwanda kipo Korbach, jimbo la Hesse, ambako kampuni hii iliyoanzishwa Hannover mwaka 1871 hutengeneza matairi yake ya daraja la juu ya baiskeli. Nimelikunjua mezani, nikapitisha kidole gumba juu ya uso wake, na hapo ndipo nilipoanza kutabasamu. Mpira wake unanata! Ukiukandamiza kwa ukucha unabonyea kidogo kisha unarudi polepole, tofauti kabisa na matairi magumu ya mazoezi ambayo ukucha hauyafanyi lolote. Katikati pameachwa pasafi, begani kuna michirizi mifupi isiyo na kina, na mahali fulani usoni utaviona vitundu viwili vidogo mno. Usidhani ni kasoro ya kiwandani. Ni alama za kupimia uchakavu: tundu likitoweka, tairi limekwisha muda wake. Nilikaa nikivitazama vitundu hivyo kwa furaha ya mtoto siku ya Idi.

Mimi nimechukua toleo lenye ukanda wa kuakisi ubavuni. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na taa ya gari ikikupiga kwa pembeni, magurudumu yako mawili yanageuka pete mbili za mwanga zinazozunguka. Dereva anajua papo hapo kwamba ile ni baiskeli. Kwa usalama wa bei ya ukanda wa rangi, sioni kwa nini mtu achukue toleo lisilokuwa nao.

Tuje kwenye mpira wenyewe, maana humo ndimo utamu ulimo. Kampuni huuita mchanganyiko wake BlackChili, na resipi yake ni siri, ila kanuni inafahamika. Kwa miongo mingi mpira wa tairi uliimarishwa kwa masizi, ndiyo maana matairi ni meusi. Masizi huupa mpira uvumilivu, lakini kwenye lami iliyolowa hayashiki vizuri sana. Michelin walipoleta mwaka 1992 tairi la gari lililotumia silika badala ya sehemu kubwa ya masizi, ikadhihirika kwamba mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa maadui yanaweza kukaa nyumba moja: tairi kuzunguka kwa wepesi, na tairi kukamata lami yenye maji. Tangu hapo silika ikaingia pia kwenye matairi ya baiskeli.

Jambo la pili ni baridi. Mpira una tabia ya kukakamaa joto linaposhuka. Mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya nyuzi 25 ukiupeleka kwenye nyuzi 4 unakuwa mgumu, na mpira mgumu hauwezi kuingia kwenye vinyweleo vya lami. Hapo ndipo mshiko unapopatikana, ndugu yangu! Lami ina mikwaruzo na vinundu vidogo ambavyo jicho halivioni; mpira laini hujipenyeza humo na kung'ang'ania, mpira mgumu huelea juu yake. Maji yakiwa katikati, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika nyumbani na suruali nzima.

Chini ya uso huo kuna mkanda wa nyuzi za Vectran. Nyuzi hizi zina historia ya kunisisimua: ndizo zilizotumika kwenye mifuko ya upepo iliyokilinda chombo cha Mars Pathfinder kilipodunda juu ya miamba ya sayari ya Mars, tarehe 4 Julai 1997. Zikidundwa kwenye mawe ya Mars hazikupasuka, na sasa ziko kati ya upepo wa tairi langu na miiba ya Derbyshire. Uzuri wake ni kwamba ni nyembamba na zinapinda, kwa hiyo tairi haligeuki ubao kama yalivyo matairi mengi yanayojinadi kuwa hayapati pancha. Tairi la namna hiyo linaweza kukuvusha mwaka mzima bila kiraka, lakini likikutana na kona iliyolowa, lile gamba gumu lililozuia mwiba ndilo linalokataa kushika barabara. Ugumu wa kuchagua tairi la baridi uko hapo: unataka ngozi ngumu kwa miiba na laini kwa lami. Hili limekaribia sana kukupa vyote viwili.

Hapa kuna imani moja lazima tuivunje, kwa sababu inawafanya watu wanunue tairi lisilofaa. Watu wengi, wakiwemo mafundi wazuri ninaowaheshimu, husema tairi la mvua lazima liwe na kashata, na kwamba tairi kipara litaelea juu ya maji. Kwa gari ni kweli. Kwa baiskeli ya barabarani hapana, na hesabu ipo. Wahandisi wa NASA katika miaka ya 1960 walichunguza jinsi magurudumu ya ndege yanavyoelea juu ya maji kwenye njia ya kurukia, wakagundua kwamba kinachoamua hasa ni upepo uliomo ndani ya tairi: kadiri upepo unavyokuwa mwingi ndivyo mwendo wa kuelea unavyokuwa mkubwa. Chukua tairi la baiskeli lenye baa 4, yaani paundi 58. Kwa kanuni yao, litaanza kuelea kwenye mwendo wa kilomita 125 hivi kwa saa! Na hilo ni kabla hujazingatia kwamba tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, linayapasua maji na kuyasukuma pembeni lenyewe. Hakuna mteremko wa Peak District utakaokufikisha kwenye mwendo huo, na ukifika, maji yatakuwa tatizo lako dogo kabisa.

Kwa hiyo michirizi ya begani kwenye tairi hili sikuinunua kwa ajili ya kutoa maji. Kashata kubwa kwenye lami hupunguza hata kile kidogo cha mpira kinachogusa barabara, na vinundu vyake huyumba ukilaza baiskeli. Ukiwa dukani, achana na mapambo ya usoni. Uliza mpira ni laini kiasi gani, tairi lina upana gani, na fremu yako itakubali kipi.

Upana! Hapa ndipo ninapotaka ukae chini unisikilize vizuri.

Kwa miaka mingi tuliaminishwa kwamba baiskeli ya barabarani ni milimita 23 na upepo wa kufa mtu, paundi 110, 120, mpaka ukigonga tairi kwa kidole linalia. Siku hizi hata waendeshaji wa kulipwa wanatumia 28, 30 na zaidi. Sababu yake kwenye mvua ni hesabu ya darasa la msingi: eneo la tairi linalogusa barabara ni uzito ugawanywe kwa upepo. Tuseme gurudumu lako la nyuma limebeba kilo 46. Kwenye baa 7, kipande cha mpira kinachogusa lami ni sentimita za mraba zipatazo 6.5. Shusha mpaka baa 5, kinakuwa 9. Shusha mpaka 4, kinapita 11. Mwendeshaji ni yuleyule na barabara ni ileile, ila sasa una karibu maradufu ya mpira unaokushikilia duniani. Tairi jembamba haliwezi kukupa baa 4, maana utagonga shimo na rimu itabana tyubu dhidi ya lami na kuitoboa mara mbili kwa mpigo. Tairi la 32 linaweza, kwa raha mustarehe.

Mimi nina kilo 75, na kwenye 32 naweka baa 3.5 mbele na 3.8 nyuma, yaani kama paundi 51 na 55. Ukiwa na 28, anza na 4.5 mbele na 4.8 nyuma, kisha usikilize baiskeli inasema nini. Mwenye mwili mkubwa aongeze, mwembamba apunguze. Na usiiamini sana geji ya pampu ya sakafuni chini ya baa 4. Nyingi zimetengenezwa kwa zama za paundi 120 na sindano yake huku chini inayumbayumba. Geji ndogo ya kidijitali ni fedha iliyotumika vizuri kuliko vifaa vingi vya kumetameta tunavyovinunua.

Na kuna siri ya baridi ambayo haisemwi sana. Upepo husinyaa ukipoa. Ukijaza baa 4 sebuleni penye nyuzi 20, ukatoka nje penye nyuzi 3, baada ya muda zinabaki 3.7 tu. Huo si mzigo wa kutisha, lakini kama ulishajishusha mpaka kwenye mpaka wako wa chini, tofauti hiyo utaisikia kwenye shimo la kwanza. Jazia baiskeli mahali pa baridi, au ongeza kidogo ukiwa ndani.

Basi nikayavalisha. Herufi TR maana yake tairi liko tayari kutumika bila tyubu, na matairi ya aina hii yote hubana rimu kwa makusudi, ili upepo usitoroke. Kuyavalisha kunataka utulivu: lowesha kingo kwa maji ya sabuni, zisukume kwa vidole mpaka ziketi kwenye mfereji wa katikati ya rimu kuzunguka gurudumu lote, na ule urefu kidogo unaopatikana ndio utakaokuwezesha kuingiza sehemu ya mwisho kwa viganja. Usikimbilie chuma. Kisha dawa ya kuzibia pancha, kisha upepo wa ghafla, halafu ile milio miwili ya tairi kukaa mahali pake, pah! pah! Hakuna muziki mtamu kama huo gereji.

Nani aende bila tyubu? Kwa baridi ya Uingereza, kila mwenye rimu zinazokubali. Ile dawa ni majimaji ya ulimbo wa mpira. Mwiba ukitoboa, dawa hukimbilia kwenye tundu na kuganda, na hufanya kazi hiyo vizuri zaidi upepo ukiwa mdogo. Yaani upepo uleule wa chini unaokupa mshiko ndio unaoisaidia dawa kuziba. Fikiria badala yake uko kandokando ya barabara, vidole vimekufa ganzi, mvua inakuingia shingoni, unapapasa ndani ya tairi kutafuta mwiba usiouona. Beba tyubu moja ya akiba hata hivyo, na ile misumari laini ya mpira ya kuchomekea tundu kubwa. Angalizo moja kwa wenye rimu zisizo na ndoano: usipite baa 5 kamwe, na hakikisha upana wa tairi unaruhusiwa na mtengenezaji wa rimu. Hilo si pendekezo.

Nikatoka Sheffield kwa njia ya Ringinglow, nikapanda mpaka nyika ya Burbage ambako upepo unakuja bila kizuizi, nikaanza kushuka kuelekea Hathersage. Kilomita za mwanzo nilikwenda taratibu, na wewe fanya hivyo, maana tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani mpaka uso wake ukwaruzwe na lami. Halafu nikaliachia.

Kuna kona ya kulia, ukuta wa mawe upande mmoja, miti upande wa pili, na maji yalikuwa yakivuka barabara yakiwa na rangi ya chai. Majani yalikuwa yamejikusanya kwenye mstari uleule ninaotaka kupita. Nikabana breki za diski mapema zikalia, nikaachia, nikalaza baiskeli. Nikasikia mchanga ukisagika chini ya mpira, krr, krr, sauti ndogo ndogo inayopanda mpaka kwenye usukani. Nilikuwa nimeshakaza mabega nikisubiri gurudumu la mbele lianze kuteleza. Halikuteleza! Likashika, likaendelea kushika, nikatoka kwenye kona nikiwa na nafasi ya kupumua na hata ya kuilaza zaidi. Nilipiga kelele peke yangu, kondoo wakageuka kunitazama.

Kutoka hapo ilikuwa karamu. Bamford, bwawa la Ladybower limejaa pomoni, kisha Snake Pass mpaka juu, karibu mita 510, ndani ya ukungu mzito, na kurudi chini kwa njia ileile. Lami ya barabara nyingi za vijijini huku imemwagiwa kokoto ndogo juu ya lami ya moto, kwa hiyo ni ya kukwaruza. Kwenye tairi jembamba lenye upepo mwingi, kokoto hizo hukutetemesha mpaka meno. Kwenye 32 zimenyamaza. Na tairi lisilorukaruka ndilo linalogusa barabara muda wote; ulaini ule unaoufurahia mgongoni ndio mshiko uleule unaokulinda kwenye kona. Juu ya wavu wa chuma wa kondoo nilifanya kama inavyotakiwa kwa tairi lolote: baiskeli wima, breki zimeachiwa, usukani umenyooka. Gurudumu likapita likinguruma bila kutikisika pembeni. Juu ya mstari mweupe wa rangi, kwa mara ya kwanza katika majira ya baridi, sikuhisi ile sekunde ya utupu tumboni.

Kuna gharama, na nitazitaja. Tairi hili ni zito kuliko ndugu yake wa kiangazi, Grand Prix 5000 S TR, na huzunguka kwa wepesi pungufu kidogo. Kwenye tambarare ukiwa na haraka utalipa wati chache. Bei yake ni ya juu, na mpira laini huisha mapema kuliko mgumu. Mfuko ukiruhusu tairi moja tu, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi unaweza kuliwahi. La mbele likiteleza uko chini kabla hujajua. Na barafu nyembamba isiyoonekana haina rafiki kwenye ukoo huu wa matairi. Nyuzi zikikaribia sifuri, ama uvae matairi yenye misumari ya chuma kama Schwalbe Marathon Winter, ama ubaki nyumbani unywe chai. Hakuna mchanganyiko wa mpira utakaoibadilisha barafu.

Rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Mombasa anayeishi Leeds, alinipigia simu niliporudi. "Kaka, wewe una diski na fremu ya kisasa. Mimi breki zangu ni za kubana rimu, na nikifunga madigadi hata 28 haipiti. Nifanyeje?" Swali lake ni la wengi, kwa sababu vilabu vingi huku hutaka madigadi marefu wakati wa baridi, ili anayekufuata asioge maji ya gurudumu lako. Nilimwambia asihuzunike. Kwa fremu za aina yake kuna Grand Prix 4-Season ya kampuni hiyohiyo, tairi la zamani la tyubu lenye mikanda miwili ya Vectran, linalopatikana hata kwa upana wa 25. Lipe upepo wa kiasi, kama baa 5.5 kwa mtu wa kilo 70, uachane kabisa na paundi 120. Wapo pia Pirelli na Cinturato Velo, tairi la mvua lenye heshima yake. Yote haya ni mazuri. Lakini nilimwambia ukweli: akija kununua fremu nyingine, atazame kwanza nafasi ya tairi kabla ya kutazama rangi.

Na wewe uliye Afrika Mashariki, habari hii inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Anayepanda Tigoni na Limuru mwezi wa Julai, ukungu umekaa juu ya chai na lami imelowa toka alfajiri, yuko kwenye mtihani huuhuu, tofauti ni nyuzijoto kadhaa. Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ulimwengu uliona mlima wa mawe wa Kimihurura. Mwenyeji wa pale anajua mawe yale yakinyeshewa yanakuwaje. Masika ya Arusha au Lushoto nayo yana udongo mwekundu unaosombwa mpaka katikati ya barabara. Kule joto halishuki mpaka mpira ukakamae, kwa hiyo huhitaji kuumiza kichwa sana kuhusu mchanganyiko wa baridi, lakini upana na upepo ni vilevile. Tairi pana lolote la mpira mzuri, lililoshushwa upepo wa kiasi, litakubadilishia masika yako.

Kwa wa huku Ulaya, agizo langu ni moja. Kabla ya kulipa, chukua rula, pima nafasi kati ya tairi ulilonalo na fremu, uma wa mbele, na madigadi. Tairi jipya likae na angalau milimita 4 pande zote, maana matope nayo yanataka pa kupita. Ikitosha 32, chukua Grand Prix 5000 AS TR la 32, lenye ukanda wa kuakisi. Ikitosha 28, chukua 28. Yavalishe kabla ya mwisho wa Oktoba, shusha upepo, na twende nje.